Shangazi, Pasipoti Niliificha Mimi

Shangazi yangu Zuhura,

Tangu nirudi kutoka kwenye hitima yako sijatulia. Nikikaa nasimama, nikianza kupika nazima jiko. Mume wangu ananiambia niende kwa daktari, lakini mimi najua kinachonisumbua. Kuna neno nilipaswa kukwambia miaka yote ile, nami sikukwambia.

Unaikumbuka ile wiki uliyokaa kwangu Hounslow? Bunge lilikuwa limewatuma wachache wenu London kwa semina. Wenzako walilala hotelini, wewe ukaja na sanduku lako kwenye flati yangu, ukasema huli mahali usipomjua mpishi. Nilikuwa nasafisha ndege, shifti ya alfajiri. Nikirudi mchana nakukuta mezani na karatasi za hoja yako.

Familia zilizofukuzwa mashambani kwao na ghasia za ardhi zilikuwa zimemaliza mvua mbili ndani ya mahema, kwenye kiwanja cha shule ya msingi ya kwetu. Unga na mafuta ya kupikia vilikuwa vimepanda bei mpaka hata wenye nyumba zao wakawa wanapika mara moja kwa siku. Uliitaka serikali iseme watu wale watarudi kwao lini, na kwa nini ushuru wa vyakula hauondolewi. Ulinisomea, ukasita katikati.

"Hapa nimepiga kelele mno," ukasema, ukafuta mstari. "Waziri akikasirika ataijibu hasira yangu, hatalijibu swali."

Siku moja kabla ya safari yako ya kurudi, ulikuwa unaoga, simu yako ikalia, nikapokea. Alikuwa mtu wa chama chako, mwenye sauti ya adabu.

"Wewe ni bintiye?"

"Binti wa kaka yake."

"Vizuri. Mwambie dada yetu apumzike huko wiki moja zaidi. Hoja yake ni Jumatano, asipokuwepo itaanguka yenyewe. Huku mambo yamechemka. Sisi tunampenda."

Nilikwambia ulipotoka bafuni. Ulicheka, ukaendelea kujifuta nywele. "Wamenipenda tangu lini?"

Mimi sikucheka. Gari lako lilikwisha kupigwa mawe mara moja. Baba alikuwa amekufa, wewe ndiye uliyenilea, na sikuwa na mwingine. Asubuhi ya safari, ulipokuwa unaswali dhuha, niliitoa pasipoti mkobani mwako nikaisukumiza ndani ya buti langu la kazi. Mahema hayakunijia akilini hata kidogo. Nilijiambia, siku saba tu.

Ukaanza kutafuta. Ulimwaga mkoba kitandani, ukalifungua sanduku ulilokwisha kulifunga, ukaisogeza sofa, ukapiga magoti kwa yale magoti yako mabovu ukachungulia. Nami nikatafuta pamoja nawe! Nilifungua kabati moja baada ya jingine nikijua hamna kitu. Mpaka leo nikikumbuka naona haya.

Mwisho uliketi ukampigia Mama Kombo, mwenyekiti wa wanawake wa kambini, ukaiweka simu mezani ikitoa sauti kwa kuwa sikio lako moja lilikuwa zito.

"Mama Kombo, huenda nikaikosa Jumatano. Pasipoti yangu imepotea."

Nilidhani atalalamika.

"Haya, Mheshimiwa," akasema. "Nitawaambia watu warudishe nguo."

"Nguo gani?"

"Tulikuwa tumeazima. Tunakuja Nairobi watu ishirini kukusikiliza, na wengine walipokimbia hawakutoka na nguo ya kuvaa mbele za watu."

Nikaenda chumbani. Niliporudi nilikuwa na pasipoti mkononi. "Hii hapa! Ilikuwa nyuma ya sofa."

Ulinitazama. Sofa ulikuwa umeisogeza mwenyewe, tena mara mbili. Ukasema, "Alhamdulillahi," ukaniuliza basi la uwanja wa ndege tunalipandia wapi. Njia nzima ulikuwa ukizipitia karatasi zako. Kwenye foleni ya ukaguzi ulinishika mashavu: "Ule vizuri, mwanangu." Ukaingia.

Jumatano nilikusikiliza kwa simu kwenye chumba cha mapumziko kazini, visikizi masikioni, nimevifunika kwa viganja. Hukupiga kelele. Uliuliza swali moja mara tatu mpaka waziri akakosa pa kuzungukia, akaahidi. Ushuru ulipunguzwa miezi kadhaa, kisha ukarudi. Familia nyingine zilipata viwanja. Nyingine zilichoka kungoja zikatawanyika. Na chama hakikukupa tena tiketi ya kugombea. Kila Ijumaa nilikupigia nikiwa nimeazimia kusema, na kila Ijumaa tuliishia kuongea habari za magoti yako na baridi ya huku.

Sasa, kwenye hitima, Mama Kombo akaja kukaa kando yangu.

"Wewe ndiye wa pasipoti?"

Nilitamani kuondoka pale mkekani.

"Alitusimulia zamani," akasema, "huku akicheka. Alisema, 'Binti yetu aliniweka kizuizini asubuhi nzima, kisha akaniachia mwenyewe. Kuna mawaziri hawaliwezi hilo.'"

Wanawake wakacheka, nami nikacheka na machozi yananitoka. Kumbe ulinisamehe kabla hujapanda ndege. Nilitegemea hapo nitapumzika, Shangazi, na wala sijapumzika. Miaka yote nimejiliwaza kwamba nilikurudishia. Lakini wewe ndiye uliyesimama, mimi nikabaki kusikiliza.

Karibu na kwangu kuna hoteli walimowekwa watu waliokimbia vita. Serikali inataka kuwahamisha tena, mji mwingine kabisa, na watoto wako katikati ya masomo. Kuna mama mmoja wa Goma, anaitwa Furaha, aliniomba nikamtafsirie kwenye mkutano wa kaunsili, halmashauri ya mtaa wetu. Mara ya kwanza nilimwambia nina shifti. Mara ya pili nikamwambia hivyo hivyo, na siku hiyo sikuwa na shifti. Jana nimemfuata mwenyewe hotelini nikamwambia nitakuja. Akaniuliza, "Na wewe utasema yako, dada, ao utasema yangu tu?"

Mkutano ni kesho alasiri. Nimeomba ruhusa kazini, nimeandika jina langu kwenye orodha ya wasemaji chini ya jina lake. Naogopa, Shangazi, na nakwenda.

Mungu akulaze pema.

Binti wa kaka yako,
Hounslow