Maziwa kwenye Gurudumu la Kushoto

Handaa, uko hewani? Leo nimesema uongo, na bado sijajuta.

Nilikwenda kuchukua gari la marehemu mume wangu kwa fundi Batnasan. Unajua kesho naenda monasteri, jangwa tupu kutwa nzima. Akaniambia, "Mama, beringi za magurudumu ya mbele, na sili zinazozuia grisi isivuje, nimebadilisha zote, kulia na kushoto."

Zote, Handaa. Kulia na kushoto.

Jana kabla ya kulipeleka niliyanyunyizia magurudumu maziwa ya baraka, kama kawaida. Naangalia kulia, grisi mpya. Naangalia kushoto, maziwa yangu yamekauka juu ya boliti, hayajaguswa hata tone.

Nikamuuliza taratibu, "Na kushoto ulifungua?"
"Kwa mikono yangu hii, mama."

Kwa mikono yake ile.

Sikubishana. Nikasema, "Ubarikiwe, mwanangu. Basi nimetulia, maana kesho nasafiri na mama yako. Atakaa mbele, upande huohuo wa kushoto."

Akakuna kisogo. "Mama yangu mimi?"
"Una mwingine?"
"Hebu subiri kidogo, mama. Nikaze boliti moja tu."

Boliti moja ilichukua saa tatu. Beringi ya zamani ilitoka inakwaruza kama jino bovu, na sili imepasuka. Mimi nimekaa kwenye kigoda, navuta shanga zangu za sala. Hakuniangalia usoni.

Sasa mama yake sijaonana naye tangu mwaka mpya. Wewe ni jirani yake. Kimbia ukamwambie afungashe, kabla mwanawe hajampigia simu.