Sakafu Niliyoimwaga Mwenyewe

Jumatatu, 4 Machi 2013

Nimeanguka tena. Mara ya tatu tangu mwezi uanze — na leo ni tarehe nne tu! Nilikuwa nainuka kutoka sijida ya adhuhuri, chumbani kwangu, nikaenda upande wa ukuta wa nyuma. Kila mara upande huohuo. Makoye, mpangaji wangu wa chumba cha nyuma, alisikia kishindo akaja mbio kuniinua. Mchimba dhahabu wa Shinyanga, baba wa watoto watano, adabu zake zinawapita wanangu.

Nesi Huruma wa zahanati anataka niandike kila ninapoanguka: saa ngapi, wapi, nikifanya nini. Haya, nimeandika. Ila daftari ni langu, hatalisoma.

Jumatano, 6 Machi

Saida kaja kutoka Turwa. Binti yangu huyu akiingia tu anakagua nyumba kama bwana afya. Mkeka kautoa, eti unateleza. Ndala zangu kazitupa. Anataka nihamie kwake, nikae kwenye kochi nisubiri chai. Nikamwambia miaka arobaini nimekuwa mwashi, nimepanda majukwaa ya miti na karai begani, sijaanguka hata siku moja. Kasema, ndiyo Baba, lakini ile ilikuwa miguu mingine.

Tumekubaliana. Nifanye mazoezi aliyonipa Huruma mpaka Jumamosi ya wiki ijayo. Nisipoanguka, nabaki. Nikianguka, nafunga virago. Nyumba hii nilimjengea mama yake. Sitaki kutoka, basi.

Ijumaa, 8 Machi

Mazoezi uani: safi kabisa. Kuinuka kitini bila kushika popote, mara kumi. Mguu mmoja, mkono kwenye kiti, hesabu kumi. Nikaachia kiti — bado kumi. Kutembea kisigino kikigusa vidole, kutoka mlangoni mpaka chooni, sikuyumba. Jirani yangu Mzee Kisyeri alikuwa kwenye ua wake, ananicheka.

Nikaingia chumbani kurudia. Mguu mmoja, hesabu tatu, chini. Goti limechubuka.

Uani nasimama, chumbani naanguka. Kisyeri aliposikia hakucheka tena. Kasema bibi yake alikuwa akisema, mtu anayeangukia upande mmoja anavutwa na wazee wake waliokufa, nijiulize nimewakosea nini. Astaghfirullah. Hata hivyo kitanda nimekisogeza mbali na ukuta ule. Saida sitamwambia kitu.

Jumatatu, 11 Machi

Leo asubuhi nimesujudu, nikasikia kikohozi.

Chini. Paji la uso liko sakafuni, na chini yake mtu anakohoa. Mara mbili. Nikaikata swala. Kimya. Halafu ngo, ngo, ngo, polepole, kama mgeni asiye na haraka.

Naogopa. Hapa hakuna wa kunicheka, naandika wazi: naogopa. Mtu wa miaka sabini na nne anajua anasubiriwa wapi.

Nilimwita Makoye, hakuitika, mlango kaufunga kwa ndani. Baadaye katoka anajifuta jasho. Nikamsimulia. Akasema, Babu, hayo ni masikio ya uzee, usimwambie mtu, watasema umechanganyikiwa. Nimeona ni busara.

Alhamisi, 14 Machi

Nimetoa pima maji, kile kibao cha kupimia usawa, kwenye sanduku la kazi, nikailaza sakafuni chumbani. Kipovu kikakimbilia upande wa mlango. Maana yake nyuma kumeshuka. Nikaigeuza. Kikaenda mlangoni vilevile. Fundi yeyote anajua, hapo chombo hakina kosa.

Basi kosa ni la macho yangu. Sakafu hii nimeimwaga mwenyewe mwaka 1981, kokoto za mtoni, saruji haikupungua hata kijiko. Sakafu yangu mimi Abdurahmani haishuki. Kati yetu wawili, mbovu ni mimi. Imeniuma kuliandika hilo.

Suruali ya Makoye ina udongo mbichi. Mashimo yote ya dhahabu yamejaa maji ya mvua, wiki ya pili hashuki mtu. Nikamuuliza. Eti anamchimbia mtu choo.

Jumamosi, 16 Machi

Naandika nimesimama. Simu iko dukani inachajiwa.

Nilikuwa katikati ya chumba na daftari mkononi, mguu wa kulia mbele, wa kushoto nyuma. Sakafu ikalia. Ufa ukatoka ukuta wa nyuma ukaja mpaka kitandani. Kisha sauti chini ya nyayo zangu: Babu, usinyanyue mguu.

Makoye.

Kaeleza yote harakaharaka. Alianza kuchimba chumbani kwake Desemba, akafuata mwamba wenye dhahabu mpaka chini yangu. Gogo aliloliegemeza kushikilia sakafu limepasuka, limembana paja. Uzito wangu ndio unaokandamiza ncha ya pili ya zege; nikihama nilipo, au mwingine akikanyaga, lote linamwangukia. Nimemtukana matusi yote ya ujenzini. Halafu nikamuuliza kama anapumua. Anapumua.

Kumbe si uzee! Miguu yangu ni mizima. Nimefurahi, nikaona aibu kufurahi.

Nimemwita Kisyeri mpaka sauti imekauka, yuko shamba. Nyonga inawaka moto. Makoye anauliza, Babu, bado upo? Nipo. Kila baada ya muda anauliza tena.

Hodi. Ni Saida, na gari la kunihamisha linanguruma nje. Nimemwambia asiingie, aite watu, walete kamba na magogo. Anasema, Baba, umeanguka, unanificha. Sijaanguka, Saida, nimesimama, usiingie. Anasema sauti yangu inatoka chini.

Si yangu hiyo, ni ya Makoye, namwambia. Komeo linacheza.