Tiketi Moja ya Hoki
Vårby gård, Uswidi, Jumamosi, Februari 2011

Masikio bado yananivuma kwa kelele za ule ukumbi wa hoki, na ndani sikuingia.

Nilimwahidi Aline, mtoto wa dada yangu, kwamba siku yake ya kuzaliwa nitampeleka kuona hoki, hii ya huku inayochezwa juu ya barafu. Nikajitapa kwamba tiketi ni kitu kidogo kwangu. Dirishani nikaanza kupatana kama sokoni Bujumbura: "Dada yangu, nipe bei ya mwisho." Yule binti muuza tiketi akatabasamu tu. Aline akanivuta koti. "Mjomba, acha! Hapa hawapunguzi!"

Nikamuuliza mzee aliyekuwa nyuma yangu, mbona bei imepanda hivi? Akasema wachezaji wasipolipwa vizuri Amerika inawachukua, na barafu ya ndani inakula umeme. Barafu! Nje imejaa ya bure mpaka magotini, wao wanatengeneza nyingine, laini kama kioo. Hawa watu nawavulia kofia. Foleni ilizunguka jengo zima na hakuna aliyenung'unika.

Pesa yangu ilitosha tiketi moja. Nikamwambia Aline aingie, mimi hoki nimeiona mpaka nimeichoka. Uongo mtupu, sijawahi kuona hata mechi moja. Nikamngoja nje mlangoni, kelele zikinifikia kupitia ukutani.

Alitoka sauti imemkauka kwa kushangilia. Kwenye treni akanisimulia kila bao, nusu Kiswahili nusu Kiswidi, mikono ikiruka mpaka abiria wakacheka. Sijamwona na furaha hivyo tangu wahamie huku.

Kesho kanisani watanisikia nikiwasimulia mechi nzima. Lile bao la mwisho nililiona kwa macho yangu mawili.