Kulungu Saba kwenye Mti Nilioukata

Wisconsin, Februari

Binti yangu Marlys,

Nina miaka themanini na tatu. Nimemzika mama yako, mbwa sita, na daktari aliyenikataza kiko. Huku theluji bado ipo, kuku wazima.

Ulisema nikishika tena msumeno wa mashine peke yangu, utauza msitu unihamishie mjini. Sasa sikia. Jumanne nilikata shina la mti nusu tu, ulale ukiwa hai, kulungu wafikie machipukizi. Wilaya nzima hakuna anayelaza mti kama mimi. Ila huu ulipasuka, ukanibana mguu kwenye theluji tangu asubuhi hadi alasiri.

Kulungu wa huku wakisikia msumeno wanajua chakula kimeshuka. Walikuja saba, wakala hatua tatu kutoka usoni pangu. Na nilipoanza kazi hii, msituni hakukuwa na hata mmoja!

Jirani Orrin ndiye aliyenikuta.

"Halvor, mzee, bado upo au nimwite mchungaji?"

"Funga mdomo, utanifukuzia wageni!"

Usiuze, mwanangu. Ukija, niletee kile kiti cha magurudumu cha marehemu mama yako. Lakini walikuwa saba. Muulize Orrin, aliwahesabu kabla ya kuniinua.

Baba yako,
Halvor