Sare ya Saa Kumi Jioni

Mshauri mpendwa, shikamoo, na kama umri wetu ni mmoja ipokee tu, maana mwenye shida husalimia kwa heshima.

Mimi ni mshonaji wa sare za shule, nashonea hapa hapa nyumbani, cherehani yangu iko sebuleni chini ya dirisha, na mume wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma vya madaraja, kazi yake iko mbali, anarudi kila baada ya miezi minne na kukaa kama wiki tatu. Tuna binti mmoja wa miaka tisa, tunamwita Chiriku kwa sababu tangu ajue kusema hajanyamaza, isipokuwa mwaka jana, na huko kunyamaza ndiko kulikonifikisha hapa.

Mwaka jana Chiriku alikuwa hajui kusoma, darasa lina watoto wengi, mwalimu wake si mtu mbaya ila alikuwa na desturi ya kumsimamisha mbele asome, na mtoto akisimama herufi zinamkimbia, wenzake wanacheka, ikafika mahali asubuhi hali kitu, chai inapoa mbele yake, mkate anaugeuzageuza tu, akilazimishwa anatapika, nikampeleka kwa daktari akasema tumbo ni zima. Nikampigia mume wangu simu, nikamwambia nataka kumtoa shule nimfundishe mwenyewe, maana mimi sekondari nilimaliza na hesabu nilikuwa naziweza, akanijibu, "Mama Chiriku, mimi sikusoma, ndiyo maana naungua jua na cheche kwa wakati mmoja. Mwanangu atasoma shule. Hilo tusilizungumze tena." Nami sikulizungumza tena. Nilimtoa.

Kazi sikuifanyia mzaha, mshauri. Saa mbili asubuhi anakaa upande wa pili wa meza yangu ya kukatia vitambaa, anashika tepu, anapima viuno na urefu wa sketi, anagawa mita za kitambaa, anaandika majina ya wateja, na kusoma tulianzia kwenye lebo za nyuzi tukaja kwenye magazeti ninayokatia vipimo. Hata wakati wa kula sikulegeza, akitaka nyama ataje kwanza herufi za nyama, akitaka maji vivyo hivyo. Ndani ya miezi mitatu mtoto anasoma kama anakunywa maji, na asubuhi anakula mayai mawili na kuulizia la tatu.

Ila baba yake hupiga simu ya video saa kumi jioni, wakati wa mapumziko yake, kwa hiyo ikifika saa kumi kasorobo nilikuwa namvalisha Chiriku sare. Ilianza siku moja tu, alipouliza mbona mtoto hana sare, nikasema ameivua sasa hivi, kesho yake nikaona heri aivae kuliko kuulizwa, na ilipoanza kumbana nikaifumua na kuitanua mishono, niseme ukweli. Akiulizwa, "Mwalimu wako hajambo?" anajibu, "Hajambo, leo amekula sana," kisha ananitazama, tunabana vicheko. Siku moja akamsomea baba yake ukurasa mzima bila kukwama, na mume wangu akaiweka simu mapajani, tukawa tunaona mawingu tu na kumsikia akipenga kamasi.

Baada ya hapo akaamua kumnunulia mwalimu zawadi. Alirudi Jumamosi na chupa ya chai ya kisasa, imefungwa vizuri kwenye karatasi, akasema Jumatatu ataipeleka mwenyewe ili amshukuru mwalimu uso kwa uso. Jumapili nzima nilikuwa na nafasi ya kusema, nikaishia kumpigia pasi shati. Jumatatu nikasema kichwa kinaniuma, nendeni tu.

Chiriku ndiye aliyenisimulia yaliyotokea. Walipofika kwenye geti la shule alishika nguzo kwa mikono miwili, akasema, "Baba, usiingie. Mwalimu ni mama." Walirudi chai yangu bado ya moto. Mume wangu akaweka ile chupa mezani, hata karatasi hajaitoa, akaniambia kwa sauti ya chini, "Umemfundisha kusoma, nakushukuru. Umemfundisha kunidanganya, hilo sijui nilifanyeje."

Tangu siku hiyo anakula, anashukuru, anataniana na mwanawe, ila mimi anazungumza nami kama mteja aliyekuja kuchukua suruali. Amesema kabla hajaondoka Chiriku awe amerudi darasani. Nimemweleza mara tatu jinsi mtoto alivyokuwa hali na sasa anakula, haelewi. Nikimuuliza Chiriku mwenyewe anataka nini, ananijibu, "Sijui. Mnataka niseme nini?" Nikikubali mtoto atarudi kwenye kutapika, nikikataa nyumba itatikisika, na najua kwa kufundisha nimefaulu, matokeo yanaonekana. Nakubali nilificha, lakini nisingeficha angenikataza. Nakubali ile sare haikuwa vizuri, lakini mtoto anasoma. Niambie, mshauri, nisimame wapi?

Ni mimi, Mshonaji.

*

Marahaba, Mshonaji.

Nianze na haki yako. Mtoto aliyekuwa anatapika kwa hofu sasa anakula na kusoma, na aliyemfikisha hapo ni wewe, kwa tepu na lebo za nyuzi. Wazazi wengi wangemwita mvivu wakamchapa. Hongera, na sitaifuta hapo chini.

Sasa kaa vizuri. Unaniuliza habari za shule, wakati mumeo amekuambia habari ya kudanganywa. Mwanamume ambaye maisha yake yote ameumia kwa kukosa masomo alifungua kinywa akaanza na shukrani, halafu ndipo akakuonyesha kidonda. Ukamjibu kwa hesabu ya mayai. Ukarudia mara tatu, kisha unasema haelewi. Anaelewa sana. Anangoja uguse panapouma.

Wala usijifariji kwamba angekukataza. Ulimuuliza mara moja tu, kwa simu, akiwa kazini, naye hakuwahi kuiona ile chai ikipoa. Ile kamera ya saa kumi ungeweza kuiwasha asubuhi moja akamwona mwanawe akitapika. Badala yake uliitumia kumwonyesha sare.

La pili ni zito zaidi. Kazi iliyokushinda wewe Jumapili nzima imefanywa na mtoto wa miaka tisa, peke yake, ameng'ang'ania nguzo ya geti. Na sasa anauliza, "Mnataka niseme nini?" Mama, jibu hilo linanitia mimi hofu, na likutie wewe hofu kubwa zaidi. Ni mtoto aliyejifunza kwamba kabla ya kusema lolote lazima kwanza aangalie nani anasikiliza. Darasani alisahau herufi, nyumbani anasahau analolitaka yeye. Lisipotibiwa hilo, shule utakayochagua haitasaidia, iwe ya huko au ya mezani kwako.

Basi fanya hivi. Mwite Chiriku ukiwa naye peke yenu, umwambie kwa maneno yako mwenyewe kwamba ule uongo ulikuwa mzigo wako ukamtwika yeye, na kwamba pale getini alifanya vizuri. Usimuulize kitu. Mwache aende akacheze, tena na watoto wenzake, maana katika barua yako yote sikumwona hata rafiki mmoja. Meza ya kulia usiifanye tena ubao. Akitaka nyama, mpe nyama.

Asubuhi moja mumeo akae kwenye meza ya kukatia somo likiendelea, na umwachie nafasi afundishe. Mtu anayepima vyuma vya daraja anazo hesabu za kumpa mwanawe. Kisha nendeni wote wawili kwa mwalimu mkuu, bila mtoto, mkaulize sheria ya mahali mnapoishi inasemaje kuhusu kusomea nyumbani na kufanya mitihani, na kama akirudi darasani, je, mwalimu yuko tayari asimsimamishe mbele mpaka azoee. Majibu mkiyapata, ndipo mmuulize Chiriku, mbele yenu wote, na mumpe siku kadhaa za kufikiri. Huenda akasema anataka shule. Litakuuma, na utalikubali.

Lakini yote hayo yana mlango mmoja, nao ni leo. Mkae wawili, useme, "Baba Chiriku, nilikudanganya miezi yote hii, na nikamtumia mtoto wetu kukudanganya. Nisamehe." Weka nukta hapo. Neno "lakini" limekuponyoka mara mbili mwishoni mwa barua yako, na leo hulihitaji hata mara moja. Atakapoanza kusema, usinyanyuke kwenda kwenye cherehani, usikumbuke chungu jikoni, usijitetee. Mengine yatakuchoma. Msikilize mpaka amalize.