Vidole Vyako, Baba, na Matokeo Yangu Mawili

Baba yangu,

Shikamoo huko uliko. Hata ulipokuwa hai hukujua kusoma, mimi ndiye niliyekusomea barua za kaka Kulwa kutoka machimboni Nyarugusu. Hii nayo nitaisoma mwenyewe kwa sauti, wewe usikilize tu.

Nakukumbuka msimu wa pamba pale Didia. Tumekaa barazani tunachambua, safi huku, fifi, ile chafu, kule, nawe unasimulia habari za ng'ombe wala huangalii mikono. Nilikuwa nakagua rundo lako la safi nikitafuta japo kipande kimoja cha fifi, sikipati. Nikadhani wazee wote wako hivyo. Kumbe ni wewe tu.

Na siku ile kwenye kituo cha kuuzia pamba, jirani yetu alipoficha fifi chini ndani ya gunia! Mpimaji alizamisha mkono hadi begani, akaibuka nayo, gunia zima likahesabiwa fifi. Zamu yako ilipofika ulisema kabla hujaulizwa, "Hili safi, hili fifi." Yule bwana hakutumbukiza hata kidole.

Miaka ya sabini inakwisha, nami nikawa na matokeo mawili ya kidato cha nne. Ya kwanza, ya shuleni, Bayolojia nzuri sana, Hesabu nimefeli. Nikarudia mtihani kwa kujitegemea. Hesabu nikapita, Bayolojia ikashuka, ikabaki kidogo nifeli. Nilikitaka chuo cha uuguzi hadi chakula hakipiti. Fomu ilisema tu niambatishe matokeo. Sasa yapi?

Kulwa alikuwa nyumbani wiki ile, akanicheka. "Mimi kwa mnunuzi napeleka dhahabu, mchanga nauacha shimoni. Peleka hayo ya pili, hayana kufeli." Wewe uliniambia nikusomee yote, somo kwa somo. "Mayu," ukasema, ukiniita mama kama kawaida yako, "peleka yote mawili. Waambie lipi ni lipi."

Nikaitikia ndiyo, Baba. Kisha nikatia ya pili peke yake.

Asubuhi baiskeli yako ilikuwa tayari kwa safari ya posta Shinyanga. Nikakupa bahasha imeshafungwa, nikasema yote yamo. Ukaipitisha taratibu kati ya kidole gumba na cha shahada. Mle ndani kulikuwa na fomu, barua, nakala ya cheti cha kuzaliwa na hayo matokeo ya pili: karatasi nne, si tano. Ukairudisha mezani.

"Ngoja kwanza nikakamue," ukasema, ukachukua ndoo.

Ng'ombe walikuwa wameshakamuliwa, Baba. Nilikuwa nimewakamua mimi.

Sikuogopa kipigo, hukuwa mtu wa kupiga. Nilishikwa na mshangao ambao haujaniisha mpaka leo: mtu asiyejua a wala be ameisoma bahasha iliyofungwa. Nikaifungulia kwenye mvuke wa sufuria ya uji, nikaongeza karatasi iliyokosekana. Ukarudi na ndoo tupu, ukaishika tena bahasha, ukapanda baiskeli ukaenda.

Kwenye usaili, mkuu wa chuo alizilaza zile karatasi mbili mbele yake. "Kwa hii ya pili peke yake tusingekuita," akaniambia. "Bayolojia hii ingekutoa." Nilipokuletea habari kwamba nimechaguliwa, ulishukuru kwa wabeja moja tu, ukaenda zizini, ukakaa huko peke yako mpaka mama akakufuata.

Nimekuwa muuguzi maisha yangu yote. Wenzangu husema nina mkono mwepesi wa kutafuta mshipa wa mtoto. Nawasikiliza, nacheka moyoni, maana hawakukuona wewe.

Nilingoja uniulize juu ya ile bahasha. Siku ya kwenda chuoni nilingoja. Siku ya harusi yangu nilingoja, hata ulipokuwa kitandani nikikugeuza ubavu, nilingoja. Hukuuliza. Uliniachia niseme mwenyewe, nami nikachelewa mpaka tukakuzika.

Nilikudanganya, Baba. Nisamehe.

Mimi binti yako