Nani Amefungua Kundi la Ukoo

Jumatatu, 4 Agosti

Nimesaga karanga tangu asubuhi, mkono unauma. Simsim bado. Wateja wa Arua wanataka laini, na kila mmoja anajifanya mjuzi. Jumamosi watu wa mchumba wangu, Lomoro, wanakuja kutoka Koboko kuzungumza mahari. Baba mdogo Drani ndiye msemaji wetu tangu Baba alipofariki. Ameanzisha kundi la ukoo kwenye simu na tunapanga humo: tuanzie wapi, tukubali kushuka mpaka wapi. Msemaji wa Koboko, Baba mdogo amempachika jina humo, Mzee Kikohozi, maana mzee huyo anakohoa kabla ya kila neno. Watu wamecheka siku nzima. Mimi nimecheka kidogo. Huyo ni baba mkubwa wa Lomoro.

Alhamisi, 7 Agosti

Lomoro amepita jioni kumsalimia Mama. Baba mdogo alikuwepo. Amesikia redioni habari za kompyuta ya kwantamu, eti inafungua kufuli yoyote ya simu au benki kwa dakika moja. Akamuuliza Lomoro, kwa kuwa ni fundi wa intaneti. Lomoro ukimgusa hapo hanyamazi. Alieleza mpaka chai ikapoa. Kwamba mashine zipo, lakini bado ni changa na zinakosea ovyo. Kwamba hazijaribu funguo zote kwa mpigo kama watu wanavyosema. Kwamba kuna aina fulani za kufuli ambazo siku za mbele zitakuwa hatarini, na mafundi wameshaanza kuzibadilisha. Baba mdogo alitikisa kichwa tu. Nadhani alisikia neno moja: zipo.

Jumamosi, 9 Agosti

Mambo yameharibika.

Wageni walifika, wakakaa. Mzee wao akakohoa, akasema, "Mzee Kikohozi amefika. Salamu kwenu." Jina hilo tuliliandika kundini tu. Halafu kila tulichotaja walikikataa, wakapunguza, wakasimama pale pale tulipokubaliana kwa siri kusimama. Hawakubahatisha hata mara moja. Baba mdogo akainuka, akasema kikao kimeisha. Chakula hakikuliwa. Nilikuwa jikoni na bakuli mkononi. Nililiweka chini kabla sijaliangusha.

Naogopa, na si kwa ajili ya mahari. Kama wamefungua kundi, basi na maneno yangu na Lomoro wameyafungua.

Mwaka jana, baada ya upasuaji, daktari aliniambia huenda nisizae. Nilimwandikia Lomoro peke yake. Mama anadhani ilikuwa kidole tumbo. Lomoro alijibu kwamba anakuja kwetu vilevile. Maneno hayo yote yako kwenye simu yake na yangu. Leo nilikuwa nikimtazama mama yake usoni, nione kama anajua. Sikuona kitu. Hiyo haina maana hajui.

Jumapili, 10 Agosti

Baba mdogo ameshahukumu. Lomoro ndiye aliyefungua kundi, kwa kwantamu. "Mutu anajua hii mashine vile, iko nayo." Anataka Jumamosi Lomoro aje na simu yake, aifungue mbele ya koo zote mbili, isomwe. Asipofanya hivyo, hakuna ndoa.

Lomoro amekataa. Hakutoa sababu. Sasa kila mtu anasema asiye na kosa angefungua. Mama pia anasema hivyo.

Mimi najua sababu. Sijamwambia mtu. Mimi ni mwoga, basi.

Jumanne, 12 Agosti

Nimempigia Lomoro. Nilianza vibaya. Nilimuuliza kama ni kweli hana hiyo mashine. Akasema, "Hata wewe?" Niliona haya mpaka masikio yakawaka.

Akaniambia hakuna mashine popote leo ya kuvunja kufuli ya kundi letu, na siku itakapokuwepo, mwenye mashine hataanza na mbuzi wa mahari ya ukoo wetu. Nisitafute aliyevunja. Nitafute simu ya nani imefunguliwa wapi, na ikaachwa hivyo.

Nikamwambia afute maneno yangu kisha awaonyeshe simu. Akasema wataona pamefutwa, watasema alikuwa anaficha, na hapo ndipo watakapochimba zaidi. "Na hayo ni maneno yako. Si yangu ya kutoa."

Nimelia. Nimemkasirikia pia. Anaitwa mwizi kwa ajili yangu, na mimi nipo hapa nasaga karanga.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimekwenda Koboko. Nililala nikiwaza simu ya Baba mdogo inafika wapi na wapi. Yeye ni wakala wa forodha, yuko mpakani Oraba kila wiki na malori ya kwenda Kaya, Sudan Kusini. Karatasi zake anazitoa kwenye simu na kuzichapa Koboko, duka la fotokopi la dada mmoja anaitwa Keji.

Nilimwomba Keji anichapie karatasi. Akawasha kompyuta. Kundi letu la ukoo likafunguka lenyewe. Salamu zangu za jana asubuhi, jina langu, kila kitu kwenye kioo kikubwa.

Nilipomwambia ni kundi letu, Keji hakuona aibu. "Hii inafungukaka yenyewe kila siku. Ankol wako aliunganisha simu na kompyuta achape makaratasi, akaenda. Hakufunga." Wateja wanasoma wakingoja fotokopi. Baba yake naye alisoma. Alipoona jina alilopewa, alicheka mpaka kikohozi kikamshika. Hapo ndipo nilipojua baba yake ni nani.

Nilipekua kioo kizima nikitafuta maneno yangu na Lomoro. Hayamo. Ni simu ya Baba mdogo tu. Nilikaa kwenye kiti cha wateja. Halafu nikapiga picha.

Jumamosi, 16 Agosti

Wamekuja tena. Kabla ya yote nilimpa Baba mdogo picha. Aliitazama muda mrefu. Mzee Kikohozi akakiri alisoma pale dukani, akadhani na sisi tunajua kuwa kundi linasomwa. Lomoro akasogea, akamwonyesha Baba mdogo kwenye simu mahali pa kukata muunganisho na ile kompyuta ya dukani. Hakumcheka. Nikafikiri yameisha.

Lakini Baba mdogo alikuwa ameaibika, na akiaibika anatafuta wa kumrushia. Basi kama huna kosa, akauliza, ulikataa kufungua simu kwa nini?

"Kuna maneno ya mutu ingine ndani," Lomoro akasema.

Mutu gani? Mwanamke? Lomoro akakataa kumtaja. Sauti zikapanda, sasa hata za watu wake. Mama yake alikuwa anamtazama kama hamjui. Wangemwacha aondoke na jina la mwenye mwanamke mwingine. Naye angeondoka nalo.

Nikasimama. Nilisema maneno ni yangu. Nikasema upasuaji ulikuwa wa nini na daktari alisema nini, na kwamba Lomoro anajua tangu mwaka jana. Sauti yangu ilitoka kavu. Mama aliweka mkono mdomoni.

Watu wa Koboko walitoka nje. Mvua ikaanza na hawakuingia. Nilihesabu misumari ya mlango. Waliporudi nguo zimelowa. Mzee akakohoa.

"Sisi tulikuja kuchukua mutu. Tuendelee."

Waliendelea. Baba mdogo hakubishana sana.

Jumapili, 17 Agosti

Sikwenda kanisani. Mama hajasema nami tangu jana. Amechambua maharage mengi kuliko tunayoweza kula.

Jioni aliingia chumbani, akakaa kitandani. Akauliza kwa nini Lomoro alijua na yeye hakujua. Nikasema niliogopa atalia.

"Ningelia, ndiyo," akasema.

Akaniambia nilale nimwonyeshe kovu. Alilikanda mwenyewe kwa maji ya moto siku zile, lakini alilitazama kama mara ya kwanza. Aliweka mkono juu yake. Alilia kidogo, nami nikamwacha alie.